Pa Kugeuzia Jembe

Jambo lote hili limenigharimu kabati moja la vyombo, silingi bodi mbili, bapa moja la feni, seti mbili za makochi na urafiki wangu na mwenye nyumba. Nimehesabu mara mbili. Urafiki umerudi, ingawa umerudi umepinda kidogo. Kabati halijarudi. Mkiona nawaandikia habari za udalali halafu naingiza kabati, msiseme mama huyu kazeeka. Mzigo ni mmoja, naufungua taratibu.

Nyinyi vijana wa kijiwe cha madalali cha Kambarage mliniaga kwa soda na kanga, mkasema, "Mama Limi, tuandikie hata kurasa chache, wewe umepangisha nusu ya mji huu." Si kweli. Nusu ya mji nimeionyesha vyumba. Waliopanga ni wachache. Wengine walikuja kuangalia tu, wakala karanga zangu, wakasema watanipigia.

Karanga ndizo zilizoniingiza kazini. Nilikuwa nauza pale watu wanaposhukia na mizigo, na kila anayeshuka aliniuliza mambo mawili: karanga bei gani, na chumba kinapatikana wapi. La kwanza nilikuwa na jibu. La pili alikuwa nalo Mzee Nkwabi, mrefu, mwembamba, kofia ya pama, dalali ambaye hakuwahi kumiliki futi wala simu. Siku moja alinunua karanga zangu zote, nikajua ana shida. Akasema, "Mteja wangu wa leo ana mke, na mke hataki kuonyeshwa chumba na mwanamume. Njoo uonyeshe wewe."

Tukafika nyumba moja ya Ngokolo. Nikafungua mlango, nikasema, "Hiki hapa chumba," nikidhani kazi imeisha. Mzee Nkwabi akanisogelea sikioni. "Umejuaje kuwa ni chumba?"

"Kina mlango na dirisha."

"Hata kibanda cha kuku kina mlango na dirisha. Simama katikati. Nyoosha mikono. Funga macho. Zunguka."

Nilizunguka. Kanga ilikuwa inalegea, yule mke ananitazama, mume wake akauliza taratibu, "Huyu mama ana mashetani?"

"Anapima," alisema Mzee Nkwabi.

Hicho ndicho kipimo chake, na mimi nimekitumia hadi nastaafu. Ukizunguka mzima-mzima bila kumwomba mtu radhi, hicho ni chumba. Ukigusa ukuta mmoja, ni stoo. Ukigusa kuta mbili, huo ni mlango ulioongezwa urefu, na mwenye nyumba apunguze bei au aone aibu, kimojawapo. Nimezunguka kwenye sebule za walimu, za makarani wa pamba, za wachungaji wawili, na ya mganga mmoja aliyenisihi nisizunguke kinyume. Siku hizi nawaona mnapiga picha kwa simu, chumba kinatokea kikubwa kama uwanja, mteja akifika anakuta kitanda kinaingia kwa ubavu. Picha haina mikono, vijana.

Kipimo cha pili nilikibuni mwenyewe. Mteja akikwambia, "Tuko wawili tu, mimi na mke wangu," usibishane naye. Nenda anakoishi sasa, msalimie, kaa kidogo, hesabu ndala mlangoni. Ukiaga, hesabu tena. Mtu anaweza kuficha watoto chumbani, mama mkwe jikoni na shemeji chooni, lakini ndala hazina adabu ya kujificha. Kuna mzee mmoja alinitajia watu watatu, ndala zikasema kumi na moja. Nikamwambia, "Baba, hapa kuna mtu ana mguu mmoja au kuna mtu unanificha." Akacheka, akamtoa.

Na bei msitaje mkiwa ndani. Ndani mteja anatazama kuta, anapata hoja. Tajeni mlangoni, mguu mmoja ukiwa nje, kama mtu mwenye pengine pa kwenda.

Baadaye nilihamia Geita, nikamwacha mume wangu, Baba Limi, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba alikoajiriwa. Wachimbaji walikuwa wanamiminika, na chumba kilikuwa kinapangishwa kabla hakijawa chumba. Nimepangisha mahali ambapo fundi yuko juu anapigilia bati na mteja yuko chini anatandika godoro, kila mmoja anamwambia mwenzake apunguze vumbi. Kule watu sita walilala chumba kimoja kwa zamu: watatu wako shimoni, watatu kitandani, shuka halipoi.

Huko ndiko nilikokutana na kesi yangu ngumu ya kwanza. Kijana anaitwa Maduhu, kifua kipana kama lango la zizi. Alinijia asubuhi, shikamoo nyingi.

"Marahaba. Chumba?"

"Chumba ninacho, mama. Tuko sita. Natafuta pa kucheza."

"Baa ziko kule, fuata kelele."

"Si baa. Baa wananitazama." Akajishika bega. "Kwenye duara, kule tunakochimba, unainama siku nzima, shimo lenyewe linakubana kama soksi. Nikitoka, mwili umesahau kuwa una mabega. Kwetu nilikuwa nacheza ngoma. Nataka nafasi, nicheze hata kidogo, bila mtu."

Nilizunguka naye mitaa yote. Hapakuwa na kona ambayo haikuwa na mtu, mbuzi au mtu anayeuza mbuzi. Nikakata tamaa, nikarudi naye hadi kwake, na kwa mazoea nikahesabu ndala mlangoni. Hapakuwa na hata moja. Wale wa zamu hii wameshateremka, wale wa zamu ile bado wananawa. Nikasubiri kesho yake, ikawa vilevile. Nikamwambia, "Maduhu, nafasi unayo. Haina ukubwa, ina saa. Ingia, funga mlango, cheza mpaka usikie ndala."

Alinilipa jogoo. Alicheza akifuata mlio wa karasha, ile mashine ya kusagia mawe, iliyokuwa jirani na ukuta wake. Siku karasha ilipoharibika alikuja kunilalamikia mimi, kana kwamba nilimpangishia chumba pamoja na ngoma.

Hiyo ndiyo kazi. Miaka ikaenda, nikarudi Shinyanga, nikazunguka tena, mpaka mwaka huu kichwa kikaanza kuzunguka chenyewe bila chumba. Daktari akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia, nazunguka. Akaandika nipumzike.

Sasa mtasema mama huyu ana nyumba kubwa. Mganga hajigangi. Tunapanga Ngokolo, nyumba iliyoungana ukuta na ya mwenye nyumba, Mzee Ramji, anayeuza vifaa vya ujenzi. Baba yake alizaliwa hapahapa na yeye pia, na Kisukuma chake kinanyooka kuliko cha wanangu. Ndani tuko mimi na Baba Limi, ambaye amestaafu pamba na sasa analinda runinga. Yupo binti yetu Limi, fundi cherehani, anashona sare za shule sebuleni. Wapo mapacha wake, Kulwa na Doto, wenye masomo ya shuleni, masomo ya ziada na kazi za nyumbani mpaka huruma. Na zipo samani. Wapangaji wangu wengi wakihama walinilipa kwa walichoshindwa kubeba, na mimi sijawahi kukataa kitu. Seti tatu za makochi, makabati mawili, meza inayosimama vizuri ukiiegemea. Sebule yetu ilikuwa haiingiliki, ilikuwa inapenyeka.

Hapo ndipo alipokuja Mayu. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na huyu ni mama mkwe wangu, Bibi Minza. Kijijini alikuwa amebaki peke yake; mwanawe wa mwisho alihamisha ng'ombe kwenda kusini, majirani nao wakapungua. Akateleza kisimani, akalala pale mpaka mpita njia alipomwona. Baba Limi akaenda kumchukua. Alifika na furushi moja na jembe lake. Furushi akaliweka chini ya kitanda. Jembe akalisimamisha nyuma ya mlango wa mbele, kama mgeni asiyejua kama anakaa.

Akakaa kochini. Asubuhi yuko kochini, jioni yuko kochini. Mtu huyu ndiye aliyekuwa akiongoza bugobogobo kule kwao, ngoma ya majembe: watu wamejipanga shambani, ngoma inapigwa nyuma yao, majembe yanapaa juu, yanageuka hewani, yanadakwa, yanarudi ardhini, ekari inalimika na hakuna anayekumbuka kuchoka. Sasa alikuwa anatazama matangazo ya sabuni.

Jumatatu moja akasema, "Masele akienda kijijini Jumamosi, nipakieni." Masele ni mpwa wetu mwenye pikapu, kila Jumamosi anafuata mchele.

"Mayu, umekosa nini? Chakula?"

"Chakula kipo, wabeja, asanteni."

"Tunakunyima maneno?"

"Maneno yamezidi. Hasa ya huyo mtu wa ndani ya kioo."

"Sasa tatizo ni nini?"

"Nyumba hii haina pa kugeuzia jembe."

Baba Limi alitoka kwenda uani, akakaza bomba ambalo halikuwa linavuja. Alilikaza muda mrefu. Kule kijijini kilichobaki ni nyumba, kisima na utelezi wa kisimani, na sote tulijua.

Mimi niliumia mara mbili. Kwanza kama mkamwana. Pili kama dalali, maana mteja alikuwa anahama nyumba yangu kwa kukosa nafasi, na mimi ndiye niliyetembeza nafasi maisha yangu yote. Nikaingia sebuleni. Nikasimama palipokuwa na uwezekano. Nikafunga macho, nikanyoosha mikono, nikazunguka. Sikuwa nimewahi kuipima sebule yangu mwenyewe. Goti likapiga kochi, kiwiko kikapiga kabati, na kiganja kikatua kwenye sikio la Baba Limi aliyekuwa anaingia kutoka bombani.

Kochini kukatoka sauti. Bibi Minza alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu aje. "Mkamwana, unacheza kama mtu anayefukuza nyuki!"

"Nilikuwa napima, Mayu."

"Basi unapima kama mtu anayefukuza nyuki."

Nikasema moyoni, mteja anayecheka hajahama bado. Nikaanza kazi.

Uani hapakufaa: kamba za sare, simtanki, mkaa, na mabomba ya Mzee Ramji aliyoyaweka "kwa wiki moja" tangu Doto hajaota meno. Ikabaki sebule, na sebule ina wenyewe. Nilianza na Baba Limi.

"Kiti changu hakiguswi," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Hakiguswi. Kinabebwa."

"Na taarifa ya habari?"

"Saa mbili utakuwa umekaa, kiti mahali pake, miguu juu. Mimi nataka saa kumi na mbili na nusu mpaka saa moja na robo tu."

"Na ugali unapikwa saa ngapi hapo?"

Hilo lilikuwa swali zuri, na sikulipenda. Limi akadakia kutoka kwenye cherehani, "Mama, mimi nikifunga cherehani saa kumi na mbili, nianze jiko, nikague madaftari ya watoto, halafu nicheze? Nina miguu mingapi?"

"Siku za kucheza hapapikwi. Tunakula matobolwa." Hayo ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, unatoa kwenye gunia, unatafuna, hakuna sufuria wala moshi.

"Mimi nimestaafu," alisema Baba Limi, "sijafungwa."

"Mara mbili kwa wiki, Jumatano na Ijumaa."

"Mara moja."

"Mara mbili, na karanga juu."

Akarudi kwenye runinga kama mtu aliyeshindwa bei lakini amepata mfuko wa bure. Mapacha nao walitaka malipo yao: kazi za shule zifanyike kabla, lakini hesabu za kuzidisha Bibi awasaidie. Bibi akasema yeye hajui kuzidisha. Doto akasema, "Ndiyo maana tunakutaka wewe."

Ilibaki seti mbili za makochi. Limi aliita wanunuzi. Wa kwanza akataja bei, nikamwambia hiyo ni bei ya mito. Wa pili nikamwuliza kama anataka kukalia au kuiba. Limi akanivuta jikoni. "Mama, kesho ni Jumatano. Unamfukuzia nani hao? Bibi anaondoka na wewe unapigania kochi lenye msumari!" Nikarudi, nikamwambia wa tatu achukue zote mbili kwa bei yake. Aliogopa. Alikagua chini ya makochi kutafuta nilichomficha.

Jumatano jioni sebule ilikuwa na uwazi. Nikazunguka, sikugusa kitu. Baba Limi akakaa pembeni na madumu mawili ya maji, matupu, akaanza kupiga. Mikono iliyokuwa imezoea rimoti ilikumbuka mambo mengine. Bibi Minza akaenda nyuma ya mlango, akachukua jembe. Akasimama. Mgongo ukanyooka, pingili moja baada ya nyingine, kama mtu anayesoma barua iliyokunjwa.

Sasa hapa niwaambie kosa letu, maana hakuna hata mmoja aliyeliona. Tulipima upana. Tulipima urefu. Tukapanga saa. Watu watano wenye akili, mmoja wao dalali mstaafu, na hakuna aliyetazama juu. Shambani juu hakuna mwisho.

Jembe likapaa. Likakata bapa la feni, likaingia darini na kukwama, mpini unaning'inia kama kengele. Vumbi la miaka likatushukia. Panya mmoja naye akashuka, akatutazama, akaenda zake. Baba Limi akaruka nyuma kukwepa, akakumbatia kabati la vyombo ili asianguke, na kabati likakubali kwenda naye. Sitataja sahani. Alipofukuliwa, jambo la kwanza alilouliza ni kama runinga ni nzima.

Bibi Minza alikuwa mweupe kwa vumbi kichwa kizima. "Mlisema kuna pa kugeuzia," alisema.

"Kugeuzia papo, Mayu. Pa kurushia ndipo pamekataa."

Alhamisi tulifanya mapatano ya jembe. Nikalitoa jembe mpinini, nikalirudisha nyuma ya mlango, nikampa mpini mtupu. Akasema mpini bila jembe ni fimbo ya kuchungia mbuzi. Nikampa mwiko wa ugali. Akauliza kama namtukana. Mwisho tulikubaliana mpini, urushwe kwa kimo cha Kulwa, na kesho Ijumaa ichezwe ngoma ya kweli, ya kushindana, pande mbili. Ikimpendeza, Masele ataambiwa asubiri. Isipompendeza, anapanda.

Kwa asiyejua: ngoma zetu za kushindana hazina jaji. Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, na watazamaji wanaamua kwa miguu. Wanakokwenda ndiko kwenye ushindi. Unaweza kucheza mpaka vumbi likaisha, ukigeuka ukakuta umebaki na mbwa, umeshindwa.

Ijumaa, upande mmoja Bibi na Kulwa. Upande mwingine Limi na Doto. Baba Limi kwenye madumu. Bibi akatazama huku na huku. "Watazamaji wako wapi?"

"Mimi hapa, Mayu."

"Wewe hapana. Dalali hasimami upande. Anasimama katikati anasubiri chake."

Ndiyo kazi yenyewe. Bibi akashusha mpini. "Ngoma bila watu ni mazoezi. Nimekuwa mtu wa mazoezi mimi?" Na macho yake yakaenda chumbani, lilipo furushi. Baba Limi akaona, akaanza kupiga madumu kwa nguvu zote, kama mtu anayeita msaada. Bibi, kwa mazoea tu nadhani, akaanza kucheza. Limi akaanza. Ukuta ukaanza kutingishika.

Mlango ukagongwa. Mzee Ramji, shati la dukani, chaki ya kupimia bado sikioni.

"Mwadila, Mama Limi. Mke wangu anauliza kama mnavunja nyumba au mnajenga. Kwa sababu mkijenga, duka langu liko wazi mpaka saa moja." Kisha akaona dari. "Hii ni nini?"

Akaingia kutazama tundu. Ili alione vizuri akasogea kulia. Kulia ndiko alikokuwa Bibi. Kulwa akapiga kigelegele. "Amekuja kwetu! Amekuja kwetu!"

"Nani amekuja kwenu? Mimi nakagua silingi bodi."

"Umesimama upande gani, ng'wanone, mwanangu?" Bibi alimwuliza kwa upole.

Mzee Ramji akatazama miguu yake. Amezaliwa hapa, anajua miguu ikisimama imesema. Uso ukambadilika, ukawa ule wa dukani. "Hapana. Mimi ni mfanyabiashara. Siwezi kuchagua kabla sijaona mzigo wote. Rudini mwanzo. Halafu tutaongea habari za dari, msidhani nimesahau."

Wakarudi mwanzo. Bibi alicheza shamba zima: kulima, kupalilia, kujipangusa jasho, mpini ukipanda na kushuka kama unamjua. Lakini Limi, binti yangu aliyekuwa ameinamia sare siku nzima, hakuwa na jembe wala hakuwahi kuwa nalo. Akacheza cherehani. Mguu unakanyaga, mabega yanavuta kitambaa, anakata uzi kwa meno, anachomwa na sindano, anafukuza mteja anayetaka sare bure. Doto nyuma yake akawa bodaboda inayokataa kuwaka. Mzee Ramji akacheka mpaka chaki ikadondoka. Miguu yake ikaondoka kulia, ikavuka sebule, ikasimama kwa Limi.

Madumu yakanyamaza. Sote tukamtazama Bibi. Nami nikasema moyoni, basi, nimemleta mtu wa kumfanya mama wa watu ashindwe kwake mwenyewe, kesho anapanda.

Bibi Minza alikuwa anahema. "Nimeshindwa na cherehani?"

"Kidogo tu, bibi," alisema Mzee Ramji.

"Mwambieni Masele asije," alisema Bibi. "Mtu haondoki ugenini akiwa ameshindwa. Watasema nini kijijini? Nikishinda ndiyo nitakwenda."

Baba Limi akaenda uani kwenye lile bomba. Safari hii alirudi upesi.

Tangu hapo ni Jumatano mazoezi, Ijumaa mashindano. Mzee Ramji ameweka silingi bodi mpya kwa bei ambayo hatujaacha kuibishania. Anakuja na mkewe, ambaye sasa ana upande wake na stuli yake. Mabomba yake ameyaondoa uani bila kuombwa. Limi anasema mgongo umepungua kumuuma. Mapacha wanacheza hata jedwali la kuzidisha, hasa la saba, ambalo lina mruko mgumu. Baba Limi anatafuna matobolwa kama mtu aliyeonewa, lakini kila mara anaongeza.

Na Bibi Minza, kila Ijumaa, anashindwa.

Hilo lilianza kunisumbua, maana mimi huhesabu vitu mara mbili. Limi ni hodari, lakini si hodari hivyo. Ijumaa ya tatu Mzee Ramji alinivuta pembeni. "Mama Limi, naona aibu. Mizani yangu dukani ni ya haki. Leo miguu inataka kwenda kwa bibi. Lakini nikienda, Jumamosi atakwenda na yeye. Nifanyeje?"

"Fuata miguu," nilimwambia.

Akafuata. Alianza kuvuka sebule kwenda kwa Bibi, mkewe nyuma yake, Kulwa ameshafungua mdomo wa kigelegele. Bibi aliwaona wanakuja. Mpini ulikuwa hewani, mahali rahisi kabisa. Nimemwona akiudaka amefumba macho, nimemwona akiudaka huku anamkemea Doto. Mkono ulifika mapema, ukasubiri, halafu ukafunguka. Mpini ukaanguka chini, ko.

Mzee Ramji akasimama katikati ya sebule. Sheria ni sheria, aliyeangusha hafuatwi.

Bibi aliinama kuuokota, taratibu, akanitazama mimi peke yangu. "Mkono umeteleza," alisema. "Mwambieni Masele asije."

Asubuhi nilikuta furushi limefunguliwa. Nguo ziko kwenye kabati lililobaki. Jembe halisi limeondoka nyuma ya mlango, liko chumbani kwake, limefungwa kwenye mpini upya. Nikamwuliza la nini. Akasema, "Kushindwa kwa mpini kumenichosha. Nataka kushindwa kwa jembe."

Ndiyo maana nawaandikia, vijana wangu. Natafuta nyumba ya kupanga, Ngokolo ikiwezekana, au hapo Kambarage, isiwe mbali na Mzee Ramji maana ndiye watazamaji wetu. Sebule mtu azunguke bila kuomba radhi. Dari iwe juu sana, au isiwepo kabisa, bati tupu linatosha. Feni hatutaki. Tuko sita, njooni mhesabu ndala mara mbili. Udalali msinidai, mmeshaupokea, ndio huu mnaousoma. Mkiipata nishtueni, nitakuja kuipima na mwenye jembe lake, na mwenye nyumba mwambieni mapema: mpangaji huyu hahami.